Kila Palipoandikwa Mgonjwa

Quionga, 18 Aprili 2024

Kaka Rafique,

Assalaam alaykum. Idi ilipita salama. Watoto wa jirani walikula mpaka wakatapika, na mimi unanijua, walipotapika wao nikaenda nyuma ya nyumba kutapika na mimi. Kinyaa changu hakijapungua hata chembe tangu ulipoondoka.

Lakini barua hii si ya Idi. Mama anaumwa. Tangu kabla ya Ramadhani analalamika ubavu wa kulia, chini ya mbavu, na funga ilimshinda siku ya sita. Mabega yamekonda, tumbo limebaki. Nilimpeleka kituo cha afya cha Palma. Kuna enfermeira, yaani muuguzi, pale anaitwa Judite, mwanamke mkali asiyecheka na mtu, ila kazi anaijua. Walimpiga picha ya tumbo, kisha akanivuta pembeni. Kwenye ini kuna uvimbe mmoja, ukubwa wa limau, na yeye anaamini ni kansa. Akaniambia kwamba uvimbe ukiwa mmoja bado ni bahati, tuvuke Ruvuma tumpeleke Mtwara kwa madaktari wa kupasua mwezi huu au ujao, kabla haujazaa wenzake.

Mama hataki. Anasema kisu hakimgusi, maana baba alienda kupasuliwa akarudi ndani ya sanda. Mama mdogo Kuluthumu anamuunga mkono, wanakaa wawili kwenye mkeka wanatafuna tambuu na kunikunjia uso kama mimi ndiye niliyeuleta huo uvimbe. Hamsikilizi mtu ila wewe. Wewe ndiye uliye huko Ureno kwenye laboratorio ya kansa ya ini, mwaka wa tatu huu. Mwandikie aende Mtwara. Nitamsomea.

Simu yangu bado ni ile ya vibonye na mtandao wa huku siuamini. Tuma kwa Abdulswamad, yule wa Lindi aliyeoa Palma, mwenye duka la fotokopia. Anazichapa barua za watu na kuzileta mpaka huku kwa pikipiki. Na hii yangu yeye ndiye atakayeipiga picha akutumie.

Mdogo wako,
Zaida


Porto, 2 Mei 2024

Mama yangu, na nyote mliokaa uani mnasikiliza,

Najua Zaida anaisoma hii kwa sauti, na Mama mdogo Kuluthumu amesogeza mkeka karibu asikose neno. Salaam zenu zote nazipokea.

Mama, pole sana. Usiogope. Umezaa mtoto anayefanya kazi mahali penyewe. Hapa kwetu uvimbe wa ini tunautibu kwa mwanga. Msishangae. Mgonjwa anapewa dawa, ile dawa inatembea mwilini mpaka inatua kwenye uvimbe na kulala pale. Kisha tunamwashia mgonjwa mwanga mwekundu. Mwanga ukiigusa dawa, dawa inaamka na kuula uvimbe kutoka ndani, na nyama nzima ya pembeni haiguswi. Hakuna kisu wala damu. Nimeona kwa macho yangu uvimbe ukisinyaa kwa siku tisa mpaka ukabaki kovu. Sharti lake ni moja, mgonjwa aliyepewa dawa anawekwa gizani siku kadhaa, asione jua, maana jua nalo ni mwanga na litamchoma ngozi.

Habari ya Mtwara isikukoseshe usingizi. Acha kwanza nizungumze na profesa wangu, tuone. Haraka ya nini.

Naweka na picha yangu nikiwa kazini, lile koti jeupe. Mama mdogo asiseme nimekonda.

Mwanao,
Rafique


Quionga, 20 Mei 2024

Kaka Rafique,

Barua yako imezua mambo makubwa, sijui nifurahi au nifanye nini.

Aliileta Abdulswamad mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, akakaa uani na sisi kuisikiliza kama vile si yeye aliyeichapa. Nilipofika penye mwanga akaniomba nirudie. Nikarudia. Mama akalia, akasema Mungu amempa mtoto tabibu, na tangu saa ile neno Mtwara halitamkiki ndani ya nyumba hii.

Siku ya kumi Abdulswamad akarudi. Ameandaa vyumba viwili nyuma ya duka lake, ameagiza taa na dawa kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na anasema anatibu kwa njia ile ile uliyoandika wewe. Mama hakuuliza hata swali moja, alifunga kanga zake akapanda gari. Tupo Palma tangu juzi, nimerudi Quionga leo kufunga nyumba tu. Judite alipopata habari alitukana kwa Kireno, tusi ambalo sikuandikii. Akaniambia siku zinakwenda.

Nakuuliza wewe, kaka. Taa ni nyekundu, ya mviringo, mbele ina wavu wa waya, na inachoma. Kwenye wavu kuna uchafu mweupe uliokauka. Nilitaka kuusugua akanikataza, akasema ni kemikali. Dawa ni ya buluu, inanywewa, na kikombe ni kimoja kwa wagonjwa wote. Mimi siwezi kukitazama kile kikombe. Je, ndivyo ilivyo huko kwenu? Ukisema ndiyo, nitanyamaza na kinyaa changu. Ukisema siyo, nitambeba Mama mgongoni mpaka Mtwara. Nijibu upesi.

Zaida


Porto, 29 Mei 2024

Mama mpenzi,

Nimefurahi kusikia umetulia na unaangaliwa. Mshukuruni kwa niaba yangu Bwana Abdulswamad kwa moyo wake wa kusaidia watu. Kula hata kama hutaki, kunywa maji kwa wingi, na mambo mengine mwachie Mungu. Huku baridi imekwisha na mimi mzima. Kazi zinaendelea vizuri. Zaida, ukurasa wa pili usiusome uani. Ni wako peke yako.

Rafique

(ukurasa wa pili)

Zaida, mtoe Mama mle ndani leo hii. Usingoje kesho.

Mimi si mtafiti. Nimeajiriwa kwenye nyumba ya panya wa laboratorio. Naosha vizimba, nazoa mavi yao, nabadilisha maranda, na wakifa nawaweka kwenye mfuko wa manjano wa kwenda kuchomwa. Lile koti la kwenye picha nililiazima. Mwanga niliousimulia upo kweli, na uvimbe nimeuona ukisinyaa kweli, ila kwa panya. Kila palipoandikwa mgonjwa, weka panya, ndiyo utakuwa umesoma barua ya kweli. Na hata panya hawaponi wote. Nawajua wasiopona, ndio ninaowafunga mifuko.

Taa ya nje haiwezi kufika kwenye ini la mtu. Ziba tochi kwa kiganja uone, mwanga unaishia kwenye vidole. Wanaojaribu kwa binadamu wanaingiza uzi mwembamba wa mwanga kwa sindano mpaka ndani ya uvimbe, na wanaojaribu ni wachache, bado wanatafuta. Hiyo dawa ya buluu siijui, na sidhani kama mwenyewe anaijua.

Judite ndiye aliyesema kweli. Mpeleke Mtwara apasuliwe wakati uvimbe ungali mmoja. Nitukane ukipenda, lakini mpeleke kwanza.

Rafique


Palma, 16 Juni 2024

Kaka Rafique,

Jibu lako tumelipata, Mama amelilalia chini ya mto. Kwa kuwa umemshukuru Abdulswamad, nami nimenyamaza kama nilivyoahidi. Nasema mwenyewe moyoni, Zaida, kaka yako ameona vyombo vya Ulaya na ameridhika, wewe nani.

Lakini acha nikwambie tu, nikiyameza haya yatanirudi. Chumba kimezibwa madirisha kwa mifuko myeusi na makanga. Wamelala wanne. Yupo mzee Shaweji kutoka Olumbi, anayetema kwenye kopo la rangi mchana kutwa, wapo Bi Awa na Luzia, na Mama. Hakuna hewa. Jasho, mkojo, mafuta ya nywele na ile taa ikishapata moto, vyote vinachanganyika mpaka ladha yake naisikia kwenye meno. Nguo zangu nikizifua mara mbili bado zinanuka. Mkojo wa Mama umekuwa wa kijani, kijani kabisa, kama maji ya dimbwi. Abdulswamad anakuja na beseni anawaonyesha wageni, anasema tazameni kansa inavyotoka. Watu wanainama kutazama. Mimi natoka nje.

Mama mdogo Kuluthumu naye amekuja na mambo yake. Anasema mwanamke aliyewekwa ndani hakai mkavu, mwali husingwa, bibi harusi husingwa, basi na mgonjwa wa giza asingwe. Kwa hiyo kila siku mbili tunamsinga Mama kwa manjano kuanzia paji la uso mpaka nyayo, na mimi ndiye ninayesinga. Anapendeza, maskini, kwenye ile taa nyekundu anang'aa. Anacheka, anasema amerudi kuwa mwali. Nimeona hata weupe wa macho umeingia manjano, nikamwambia Kuluthumu tusimpake karibu na macho.

Analala sana. Hali kitu. Anajikuna usiku na mchana. Abdulswamad anasema ni dawa inafanya kazi, na wewe huko nakuuliza, je, wagonjwa wenu wanajikuna?

Zaida


Porto, 25 Juni 2024

Zaida,

Barua hii unaletewa mkononi na Nadia, binti wa kwa Jamaldine, anarudi likizo kupitia Dar na Mtwara. Nimemwapisha asimpe mtu mwingine.

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nimekaa juu ya ndoo. Unaniuliza wagonjwa wetu wanajikuna. Basi nikajua kwamba ukurasa wa pili hukuupata. Sikuwa na njia nyingine ila ya Abdulswamad, naye ameusoma, hakuuchapa, na mstari unaoutaja kwenye ukurasa wa kwanza ameukata. Nimekuandikia upya maneno yote, yako nyuma ya karatasi hii. Soma mara moja, sasa hivi, ukiwa umesimama hapo hapo.

Umesoma? Sasa nisikilize. Macho kuingia manjano, mwili kuwasha, hayo si manjano ya Kuluthumu. Ni nyongo. Ini linashindwa. Mtoe nje umwone kwenye jua.

Nimejiuliza kwa nini sikuweka kweli kwenye ukurasa wa kwanza. Sababu ni kwamba najua nasomwa uani. Tangu niondoke, barua zangu zinasomwa uani, watu wanakaa, watoto wananyamazishwa. Anayejua kwamba anasomwa uani haandiki kwamba anazoa mavi ya panya. Nilimshukuru mwizi kwenye karatasi ya juu ili heshima yangu ibaki, nikamficha Mama kwenye karatasi ya chini. Nikijifikiria najitapikia.

Rafique


Mtwara, 21 Julai 2024

Rafique,

Naandika kwenye benchi la hospitali. Salaam sina.

Nadia alinikuta Palma tarehe kumi. Niliisoma barua yako nyuma ya duka, kando ya choo, maana ndipo palipokuwa na mwanga. Nilifika penye neno panya. Sikutapika. Nashangaa mpaka leo, mimi wa kutapikia watoto wa jirani, siku ile halikutoka kitu.

Niliingia nikang'oa kanga ya dirishani. Mzee Shaweji akafunika uso akidhani jua litamchoma. Nikambeba Mama mpaka uani, Kuluthumu ananifuata anapiga kelele kwamba namuua dada yake. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikachota maji, nikamsugua kwa sabuni ya kufulia. Maji ya kwanza yakatoka manjano, nikamwaga. Ya pili yakatoka manjano kidogo. Ya tatu yakatoka meupe, na Mama alikuwa manjano vile vile. Nikasugua tena. Nilimsugua mkono mpaka akaniambia, "Zaida, unanichubua." Kuluthumu akaacha kelele. Akashika kidevu cha Mama, akamfungua jicho kwa kidole gumba, akatazama, kisha akaenda kukaa chini peke yake.

Wiki tano, kaka. Ugonjwa ulimpaka rangi na mimi nikawa napaka juu yake, kwa mikono hii, nikisifu kwamba anapendeza. Kucha zangu bado zina manjano ndani. Nikila naona.

Tumboni ana kidonda cha moto, ukubwa wa sahani, kimeanza kutoa maji. Ndipo nilipoichukua ile taa nikaitazama nje. Ni taa ya kutotolea vifaranga. Ule uchafu wa kwenye wavu ni mavi ya kuku.

Niliibeba mpaka dukani. Ukutani amebandika barua yako ya mwanga, ameikuza, na picha yako ya koti jeupe juu yake. Nilimuuliza ukurasa wa pili uko wapi. Akasema wino uliisha. Hakuona hata haya, alikuwa anapanga karatasi. Nikamwambia kaka yangu ameandika kwamba huu wote ni uongo. Akanitazama kwa utulivu, akasema, "Kaka yako ndiye aliyeanza. Mimi nilichapa tu."

Nilitaka kumtemea mate. Mate yakakauka, maana alikuwa anasema kweli.

Tulivuka mpaka wa Namoto kesho yake. Judite alitutafutia gari na akapanda nasi mpaka mtoni bila kusema neno la nimekwambia, na hilo sitalisahau; barua zetu sasa zitapita kwenye simu yake. Madaktari wa hapa wamempiga picha upya. Uvimbe umekuwa mkubwa kama nazi, umezaa vidogo vingi, na umeingia kwenye mshipa. Hawapasui tena. Daktari aliuliza iligundulika lini, nikamwambia Aprili. Aliandika, kisha akasema, "Mngekuja Mei." Wanampa dawa ya maumivu, wamemsafisha kidonda, wametuambia twende nyumbani akiwa na nguvu za kusafiri.

Mama hajui habari ya panya. Anasema mwanga ulikataliwa na mwili wake, na kwamba nisikuambie usije ukavunjika moyo na kazi yako.

Zaida


Porto, 29 Julai 2024

Zaida mdogo wangu,

Barua yako niliipata jana. Sina la kujitetea.

Leo asubuhi nimefika kazini, nimefungua vizimba arobaini, nimevisafisha, na harufu ile niliyokwisha kuizoea imenirudia kama siku ya kwanza. Nimetapika kwenye sinki. Msimamizi akanituma nyumbani, akidhani nimekula kitu kibaya.

Nimeomba ruhusa ya kuja, lakini karatasi zangu za ukaazi bado ziko ofisi ya uhamiaji, nikitoka sasa sirudi. Nitakuja hata hivyo, sijui siku. Nakuomba kitu kimoja. Msomee Mama ile barua, yote, na habari ya koti. Usimsomee uani. Msomee peke yake. Sitaki afe akijivunia mtu ambaye hayupo.

Rafique


Quionga, 18 Agosti 2024

Kaka,

Nimemsomea.

Nilifungua dirisha la chumbani kwake, siku hizi hataki dirisha lifungwe. Ananuka, nisikufiche. Pumzi yake ina harufu tamu iliyooza, na miguu imejaa maji, nikibonyeza kidole shimo linabaki. Mimi ndiye ninayemwosha na kumgeuza. Kinyaa kimeniisha kwake, kimehamia kwa wengine wote. Siku hizi nikimwona mtu msafi, kanzu imepigwa pasi, ndipo tumbo linapochafuka.

Nilimsomea pole pole. Palipoandikwa mavi nikataka kuruka, nikasoma. Nilipomaliza akafumba macho, nikadhani nimemuua. Kumbe anacheka. Kicheko kinamuuma ubavu, akaushika. Akasema, "Kwa hiyo anaosha mavi ya panya. Ndilo analoona haya? Mavi yake nimeyaosha mimi miaka mitatu, na sikumwandikia mtu kwamba mimi ni daktari."

Kisha akakasirika. Sijamwona amekasirika hivyo tangu baba yu hai. Hakukasirikia panya. Aliniuliza mle chumbani wamebaki nani. Nikamwambia Luzia ametolewa na wanawe, lakini mzee Shaweji bado yumo, na Bi Awa bado yumo, na wameongezeka wapya sita, kwa sababu barua iko ukutani na watu wa Palma wanasema kama si kweli mwenyewe angekanusha. Judite alikwenda na watu wa serikali, Abdulswamad akawaonyesha picha yako, wakaondoka wakisema watafuatilia.

Mama akaniambia niandike neno lake kama lilivyo, nami naliandika. "Mwambie asije kwanza. Akija atakuja kunilia tu, na mimi machozi sina haja nayo. Barua aliyowasomea watu uani ndiyo iliyowalaza gizani. Aandike nyingine, aisaini kwa jina la baba yake, isomwe msikitini watu wakishatoa salamu. Aandike anachoosha. Akiogopa aibu, basi mimi sikuzaa."

Alipomaliza akaomba maji. Akanywa kwenye kikombe changu, akanirudishia, nami nikanywa kilichobaki. Andika upesi.

Zaida


Porto, 6 Septemba 2024

Barua ya kusomwa msikitini Palma, Ijumaa tarehe 13, baada ya swala. Aisome imamu, na kama hataki aisome mtoto yeyote anayejua kusoma. Nimemtumia Judite nakala aibandike mlangoni kituo cha afya, na Zaida nyingine awasomee wanawake.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Palma, Quionga, Olumbi na ghuba yote ya Tungue,

Ipo barua yangu ukutani kwa Abdulswamad. Niliiandika mimi na ni ya uongo. Kila palipoandikwa mgonjwa, palipaswa kuandikwa panya. Sijawahi kumtibu mtu, na koti la kwenye ile picha si langu. Kazi yangu ni kuosha vizimba vya panya. Nazoa mavi yao kwa koleo dogo, nasugua mkojo uliokauka, na waliokufa nawafunga mifuko. Ni kazi ya halali nami naifanya vizuri. Haramu ilikuwa kuificha.

Mwanga unaotibu uvimbe wa ini unachunguzwa na wasomi wa kweli, na huenda siku moja ukawafikia watu. Lakini unaingizwa ndani ya uvimbe kwa sindano, na wanaojua. Taa mnayowashiwa ni ya vifaranga. Itawachoma ngozi na ini halitajua kama iliwashwa. Dawa ya buluu inabadili mkojo rangi, basi. Kilichomo kwenye beseni ni mkojo.

Wewe mzee Shaweji, wewe Bi Awa, na nyinyi sita ambao majina siyajui, tokeni. Jua halitawafanya kitu. Wenye wagonjwa, ng'oeni yale makanga, muwasugue kwa sabuni, muwatazame macho mchana. Mkiona manjano isiyotoka kwa maji, nendeni kwa Judite siku hiyo hiyo, na akisema Mtwara, iwe Mtwara. Mama yangu aliambiwa Mtwara mwezi wa nne. Mimi ndiye niliyeandika haraka ya nini.

Yeye ndiye aliyeniamuru niandike haya, na nimeyaandika nikiwa nimechelewa siku tatu, hakuyasikia. Zaida ameniarifu kwamba alipoulizwa kama ana wasia, alisema wasia wake ni barua hii, na msimfukizie ubani mpaka imesomwa. Basi isomeni, mkamfukizie.

Rafique bin Chamsudine,
mwosha vizimba vya panya,
mtoto wa marehemu Mwanvua